Mpini wa Akiba

Kwenye kila lango la mfereji, Glenys alishuka na mpini wa chuma, akauzungusha kufungulia maji hadi yajae langoni na kuipandisha boti yao. Mumewe alibaki kwenye usukani na kikombe chake cha chai. Ndivyo walivyoishi, boti ikiwa ndiyo makazi yao, tangu wauze nyumba yao ya Stafford.

Leo aliacha kuzungusha katikati. Kiganja kilikuwa kimechubuka, kimejaa kutu ya mpini.

"Bibie, maji hayataingia yenyewe!" mumewe alimtania kutoka botini kule chini.

Mpini ukatumbukia majini, chubwi.

"Umeuangusha tena? Mikono ya siagi hiyo! Haya, chukua wa akiba."

Glenys hakusogea.

"Sikuuangusha," alisema. "Hata ule wa juzi sikuuangusha. Niliutupa. Nataka nyumba, mume wangu. Nyumba isiyoondoka."