Nyuki Aliyekataa Kukunja Mbawa

Palikuwa na mzinga, na humo Bi Zuhra, nyuki mtunza asali, akapiga marufuku kupepea mlangoni ili kuingiza hewa. "Wapepeaji wanakula mno. Kunjeni mbawa, tuweke akiba."

Hewa ikawa nzito. Mwanakheri, mpepeaji wa siku nyingi, akafiwa na mdogo wake kwa kukosa pumzi. Akambeba mwenyewe hadi nje, akamwombea kwa Mungu, kisha akasimama mlangoni, akaanza kupepea.

"We dada, msiba umekutia wazimu?" Bi Zuhra akafoka. "Hupati asali hata tone!"

"Kaa na tone lako. Pumzi kaitoa Mola, si wewe. Ukitaka niache, ning'oe mbawa."

Akapepea kwa njaa, hata mbawa zikachanika. Bi Zuhra akacheka, akaenda kuonja akiba yake. Akatema. Asali yote ya ndani, isiyofikiwa na upepo, ilibaki majimaji ikachachuka. Iliyokuwa karibu na mlango ndiyo tamu.

Akarudi kichwa chini. "Tufanyeje, dada?"

"Joto likizidi, tupepee sote; likipungua, wachache kwa zamu. Lakini mlango huu haulali tena. Haya bibi, kunjua mbawa, usimame hapa. Hapa ndipo angesimama mdogo wangu."