Mkia wa Sangara

“Kaa hapo hapo, mama. Usisogee.”

Bibi Akumu, mama mkwe wake Modesta, akakaa. Kiti cha mbao kikalia. Bibi akaegemea kulia, akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

“Nyonga inasemaje leo?” Modesta akauliza, macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

“Inasema ipo.”

Dakika tano. Modesta alihitaji dakika tano tu. Chini ya bibi kulikuwa na mto mwembamba, chini ya mto ubao, chini ya ubao karatasi nyeupe, na chini ya karatasi kipande cha kapeti la plastiki kilichopakwa wino mweusi. Alikichonga kwa wembe siku tisa mpaka sangara akatokea.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Nani alimtuma ajiunge na wachoraji kumi na wawili wasiojuana, kila mmoja achape nakala kumi na mbili za picha yake, azitume, kisha arudishiwe moja moja za wenzake? Wenzake walikuwa na mashine za kuchapia. Yeye alikuwa na stashahada ya ugavi na mdomo. Na kwa mdomo huo huo alishawatangazia akina mama wote wa kanisani kwamba sasa ni msanii.

Alianza kwa kusugua karatasi na mgongo wa kijiko. Kiganja kikavimba, sangara akatoka kama ana upele. Jumatatu mama mkwe akaja kusalimia, akaketi, na Modesta akamtazama kama mtu anayetazama mashine dukani.

Tangu siku hiyo Mabatini nzima haikuwa na mkwe mwenye upendo kama yeye. Mama, njoo na kesho. Mama, ongeza chai. Dakika tano zikitimia, alimtuma uani: “Hebu kaniangalizie mchicha.” Bibi aliinuka polepole ndani ya gauni lake jeusi, lile lile la jana na juzi, akaenda. Huku nyuma Modesta alibadili karatasi mbio mbio, akijipongeza. Kweli, kusoma kuna faida.

“Mchicha haujambo,” bibi alisema akirudi safari ya nne. “Nikae tena?”

“Kaa, mama. Wewe ni mgeni wangu.”

Tatizo lilikuwa moja. Kila sangara alitoka na kichwa kizuri, tumbo zuri, mapezi mazuri, mkia hakuna. Kivuli tu. Modesta aliuchonga mkia upya, akaongeza wino, akabadili aina ya karatasi. Wapi.

Mumewe, Odongo, alizikuta nakala zimeanikwa chumbani, akacheka mpaka akakohoa. Sauti yake ilifika sebuleni, bibi alikokaa. “Mama Precious! Huyu sangara wako mkia kauacha wapi? Kakutana na paka?”

Ijumaa jioni ikafika. Kifurushi kilitakiwa kupanda basi stendi ya Buzuruga kesho yake saa saba mchana, na Modesta hakuwa na hata nakala moja ya kumwonyesha mtu mwenye macho. Akashika simu, akaandika ujumbe wa kujitoa: *Samahanini, nimeuguliwa.* Akaufuta. Nani anaumwa? Labda sangara. Akauandika tena.

“Haya mwanangu, nashukuru kwa chai,” bibi akasema, akijishikilia mlangoni.

“Karibu tena, mama,” Modesta akajibu bila kuinua macho. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma.

“Kesho nakuja mapema. Mchicha usinitume tena, nitasimama tu pembeni ubadilishe karatasi. Halafu kunja gazeti, uliweke chini ya ule ubao, upande wa kushoto. Huko ndiko kwenye nyonga mbovu, sikukalii vizuri. Ndiyo maana mkia hautoki.”