Bomba Linalolegea

Gaspard, fundi wa kukereza vyuma huko Downsview, ughaibuni, alikuwa amechoka hata hajavua aproni, mume wa binti yake alipomwekea kwenye meza ya karakana bomba fupi jeusi.

"Baba, kila nikilifunga linalegea. Nisaidie lishike."

"La nini?"

"La pikipiki."

"Pikipiki, na theluji hii?"

Gaspard alipitisha kidole gumba kwenye meno ya hesi, pale bomba linapofungiwa. Masizi yalinuka baruti, harufu ile ile aliyoikimbia Bujumbura akiwa amembeba binti yake mgongoni. Kilikuwa kizuia mlio cha bastola.

"Mkeo anajua?"

"Haya ni mambo ya wanaume, Baba."

Mzee alilibana bomba kwenye jiriwa, akazungusha mpini hadi chuma kikaanza kubonyea.

"Baba! Wenyewe wataniua!"

Gaspard alimtazama, kisha akaushika mpini kwa mikono miwili, akakaza.