Kipindi cha Mwisho cha Gauni la Njano

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Juni, siku ambayo mkuu wa chuo alimwita fundi bomba ofisini na kumwambia kwamba mke wake fundi hatafundisha tena biashara.

"Tumepata mwalimu mpya, mzee wangu. Wa kompyuta. Mwanafunzi anavaa miwani, anajikuta sokoni, ananunua, anauza, anafilisika, na hajainuka kwenye kiti."

"Kufilisika mpaka uvae miwani? Na mke wangu?"

"Yake yamepitwa na wakati. Bei anazotaja ni za zamani. Akiulizwa la nje ya somo, anazungusha maneno."

"Hajakosa kipindi hata kimoja. Hajaomba likizo. Hajawadai hata chaki."

Mkuu akatazama dari. "Ndiyo maana tunamshukuru sana."

Wakubwa ndivyo walivyo. Wakishakukamua, wanakushukuru.

"Mwacheni japo muhula mmoja," fundi aliomba. Aliomba akiwa amesimama, kiti hakupewa. "Sina pengine pa kumwona akiwa na furaha."

"Ijumaa ndiyo mwisho. Samahani."

Ijumaa fundi hakugusa bomba lolote. Alipiga pasi shati, akapanda ghorofani, akakaa safu ya nyuma kama alivyozoea kila asubuhi. Shule yake iliishia mapema, na hesabu za faida zilimpita juu kwa juu. Hakuwa amefuata faida.

"Profesa Bomba!" msichana mmoja alimtania. "Shati limenyooka hivyo, unakwenda kumposa mwalimu upya?"

"Angekubali," alijibu, na darasa zima likacheka.

Mkewe alikuwa ameshaanza. Amevaa gauni lile lile la njano alilopewa na chuo, mkono mmoja kiunoni, sauti imetulia.

"Mteja anayerudi kulalamika bado anawapenda," alikuwa akisema. "Mwogopeni yule anayeondoka kimya."

Tangu fundi aanze kukaa pale nyuma, mkewe hakuwahi kumtazama. Macho yake yalipita juu ya kichwa chake, yakaishia dirishani.

Mlangoni mkuu alisimama na kijana wa kompyuta, akitazama saa.

"Nani mwenye swali?" mwalimu aliuliza.

Profesa Bomba akanyoosha mkono. Hakuwahi kufanya hivyo. Wanafunzi wakageuka kumtazama.

"Mama watoto," akasema. "Siku ile walipokutoa wodini, wakakuvalisha gauni hilo ili wakurekodi, ulishajua hutarudi nyumbani?"

"Swali zuri sana, kijana," mkewe akajibu akitabasamu. "Tutalijibu mwishoni mwa somo."

Mkuu akamwashiria kijana wa kompyuta kwa kichwa. Kijana huyo akachomoa waya wa projekta, na ukuta ukabaki mweupe.