Kamba ya Kisima

"Bi Mwanasiti, hicho kisima chako hakinuki jaa?" jirani yake Zuhura alimuuliza zamani, jaa la mji liliposogea hadi nyuma ya ukuta. Mwanasiti alicheka, akateka ndoo, akampa aonje. Maji hayakuwa na rangi, harufu wala ladha ngeni, na maji yaliyosalimika kwa hayo matatu ni safi. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, alikosomea Kurani. Kisima kilikuwa sadaka ya marehemu mumewe. Kila aliyekunywa, aliamini, alimpelekea thawabu kaburini.

Leo bwana wa kupima maji, aliyechukua chupa moja ya maji ya kisima juzi, alirudi na karatasi ya majibu.

"Mama, maji ya jaa yamepenya chini mpaka humu. Yamebeba dawa wanayolainishia plastiki."

"Ina harufu gani, mwanangu?"

"Haina."

"Rangi je?"

"Haina, mama. Wala ladha."

Mwanasiti akavua kandambili moja, akaikunja, akaiachia ikanyooka.

"Ulaini huu ndio uliomo kisimani?"

"Ndio huo huo. Na ukichemsha hautoki."

"Na mimi nilikuuliza, ukanicheka!" alisema Zuhura, aliyekuja kuteka, ndoo yake tupu mkononi.

Mwanasiti akateka ndoo moja, akainama. Aliona uso wake wote mle, hata mikunjo. Akamwaga. Kisha akafungua fundo la kamba ya ndoo ambalo marehemu alilifunga kwa mkono wake, akaikunja kamba, akaitia begani, akapita kati yao, akatoka, kamba ikimdondoshea maji mgongoni.