Pipa Lililokataa Maganda

Siku hizi kila kaya huku Makete ina pipa lake la bakteria. Tunalilisha maganda ya viazi, linachacha kama maziwa mgando, na ile asidi yake inachukuliwa na kiwanda kutengenezea ndoo na viatu, nasi tunalipwa umeme. Pipa likifa, nyumba inakatiwa umeme, na baridi ya kwetu hata jiwe hupiga chafya.

Mke wangu Tumpe, kwa kuogopa maganda kupungua, alianza kumenya kwa unene. Ganda likanenepa, kiazi kikakonda, mpaka tukawa tunachemsha vitu vyenye ukubwa wa gololi.

"Mama Egno, hiki chakula au dawa?"

"Kula, baba. Pipa likinuna utaota moto wa nani?"

Jumatatu alichoka, akamenya kama zamani, maganda membamba. Naapa, pipa likaacha kutoa povu. Jumatano likaanza kupoa. Akaja Luvanda, mkaguzi wa mapipa, akaligusa kama anapima homa ya mtoto.

"Mmelizoesha viazi, mzee. Sasa halirudi kwenye maganda."

"Na sisi tule nini?"

"Maganda yana lishe," alisema, wala hakucheka.

Leo mchana Tumpe ametupikia maganda. Viazi vizima amevimimina kwenye pipa, na povu limepanda hadi mdomoni. Lakini hakuja kukaa. Alisimama kando ya pipa na bakuli tupu mkononi.

"Unangoja nini?" nikamwuliza.

"Nangoja lishibe, baba. Huenda litabakiza."