Gobore la Mkwe

Mkwe alilishika gobore kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba panya mfu kwa mkia, akalitazama kidogo na kulirudisha ukutani.

"Hili zito, baba. Hakuna lingine?"

Fundi wa bunduki akashusha la pili. Karakana ilijaa harufu ya makaa na mafuta ya mashine, lakini iliyomchefua ni ile ya marashi ya mkwewe. Mwanamume mzima, asubuhi ya siku ya kazi, amejipaka marashi mpaka masikioni! Kijiti cha meno kilikuwa kinasafiri mdomoni mwake kutoka shavu hadi shavu, na kila baada ya muda alitema kipande cha nyama sakafuni. Sakafu hiyo fundi aliifagia mwenyewe kila alfajiri.

"Shida hasa ni nini?" fundi aliuliza, ingawa alikwisha kuambiwa.

"Nyani, baba. Wanamaliza mahindi yangu mchana kweupe. Na hawamwogopi mwanamke, wale. Wakimwona mwanao wanakaa tu, wanatafuna, wanamcheka. Wezi wakubwa! Wanakula wasichopanda."

Nyani haoni kundule. Fundi aliinama kama anayetafuta kitu chini ya meza, asije akacheka, au akatapika. Mahindi yangu, anasema mtu ambaye viganja vyake ni laini kuliko vya kichanga.

"Nataka la bei ya chini," mkwe aliendelea. "Liwe jepesi, kitako kifupi. Na lisipige teke. Sitaki mtu aumie bega."

Bega! Mwezi uliopita binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuja kwao jicho limevimba hadi likaziba. Alisema amejigonga kwenye kitasa cha mlango. Mlango huo fundi aliutengeneza kwa mikono yake, na kitasa kiko usawa wa kiuno. Kabla ya jicho lilikuwa jino. Kila mara fundi alimsihi abaki, na kila mara binti alijifunga kanga yake upya na kusema, "Yataisha, baba." Na leo mume huyo huyo anaogopa bega lisivimbe.

Fundi akaingia chumba cha nyuma.

Huko lilining'inia gobore ambalo lilipaswa kukatwa vipande zamani. Lilikuwa na ufa mwembamba chini ya mtutu, karibu na pale inapokaa fataki ya kuwashia baruti, na lilikwisha kumtoa mmiliki wake wa kwanza kidole gumba na jicho moja. Juzi fundi aliuziba ufa huo kwa lehemu na kuupaka rangi nyeusi. Alijiambia ni kupoteza muda tu.

"Jaribu hili," alisema.

Mkwe alilipima mkononi. Lilikuwa jepesi kweli, na kitako kilikuwa kifupi. Akacheka meno yote nje.

Basi fundi akamfundisha. Baruti kwanza. Juu yake kitambaa, halafu unashindilia kwa ufito wa chuma mpaka ufito udunde. Kisha marisau, vile vigololi vya risasi, kitambaa tena, unashindilia. Fataki ni mwisho kabisa, ukishakuwa tayari kupiga. Mteja mwingine yeyote aliambiwa kifuniko kimoja cha chupa kwa baruti, kisha akaapishwa asizidishe hata punje.

"Vifuniko viwili," fundi alisema. Sauti ilimtoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Nyani ana ngozi ngumu, mkwe wangu. Na shavu ulilaze kabisa kwenye kitako, ndipo shabaha itakaa."

Mkwe alirudia yote kwa kuhesabu vidole, akarudia tena kama mtoto aliyetumwa dukani. Akaondoka na gobore ndani ya gunia, amelinyoosha mbali na nguo zake.

Fundi alinawa mikono. Akanawa tena. Alijichukia, hilo halina ubishi, hata mate yalikuwa machungu mdomoni. Lakini hakujichukia kiasi cha kutoka nje na kumwita arudi.

Kesho yake mchana mlio ukaja kutoka ng'ambo ya bonde. Haukuwa mlio wa gobore unaojulikana. Ulikuwa mpana, mzito, na vyuma vilivyotundikwa ukutani viligongana. Halafu kimya.

Fundi aliweka tupa mezani polepole. Alingoja woga umshike, lakini kilichokuja kilikuwa nafuu, nafuu kubwa ya aibu. Akakaa kwenye kigoda. Binti atarudi nyumbani. Atalala chumba chake kile kile, fundi mwenyewe atakipaka chokaa wiki hii. Hakuna atakayemgusa tena.

"Pole, mwanangu," alisema kwa sauti, asikie yatakavyotoka. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Yalitoka vizuri. Akavua aproni, akatungua shati safi msumarini, maana msibani huendi na masizi. Alikuwa kwenye kifungo cha pili yalipomfikia marashi, na nyuma yake hodi.

Mkwe alisimama mlangoni mzima, jasho la njia likimtiririka.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuongeza fataki. Umeusikia mlio huo? Binti yako huyo! Mimi bunduki naziogopa tangu utotoni."